Kijiko Ndani ya Sufuria

Siku za mwanzo nilidhani ni bomba bovu. Chumba nilichopanga kiko ghorofa ya pili, na dirisha la jiko lake linatazamana na ukuta wa jirani. Katikati pana uwazi mwembamba ambamo jua halifiki wala nguo hazikauki, ila sauti za jengo zima hushuka humo kama maji ya mvua kwenye mfereji. Saa kumi na mbili kasorobo, kabla pikipiki za umeme hazijaanza kupita kichochoroni, juu yangu kitu kiligonga: ko-ko-ko-ko, haraka, kikavu, kama meno ya mtu mwenye homa. Baada ya muda mlio ukapungua kasi. Halafu ukawa mzito, kama wa kitu kilichofunikwa kitambaa. Halafu kimya, ikafuata harufu ya tangawizi.

Kilikuwa kijiko. Kijiko kifupi cha kauri, kile cha supu chenye mpini mnene, kimewekwa makusudi ndani ya sufuria ya uji, chini kabisa, kicheze na maji yanayochemka. Mwenye sufuria ni bibi wa ghorofa ya nne ambaye jengo zima humwita Po-po, neno la Kikantoni wanaloitwa kina bibi wa rika lake. Misimu miwili sasa nimekuwa nikipanda kwake na bakuli langu mkononi, na sijaona mtu mwingine anayeweka akili nyingi namna ile katika chakula chenye vitu vichache namna ile.

Tuko Dengfeng, mtaa wa vichochoro pembeni mwa Xiaobei, wilaya ya Yuexiu, jijini Guangzhou. Jengo la Tianxiu, ambalo ni nadra kumpata mnunuzi wa Kiafrika asiyelijua, liko dakika chache kwa miguu. Sisi wafanyabiashara wa Kariakoo hujaa huku Aprili na Oktoba, yanapofunguliwa Maonyesho ya Canton yaliyoanza mwaka 1957, na asubuhi zetu zote ni mbio. Chai ya pakiti, biskuti mbili, unatoka kuwahi mzigo; wangu ni mapazia. Mimi nilikuwa na mazoea ya kununua youtiao, vipande virefu vya unga wa ngano vilivyokaangwa vikafura, binamu wa mahamri asiye na sukari wala iliki. Siku moja Po-po alinikuta ngazini na mfuko wa karatasi uliolowa mafuta. Akajigusa koo, akatikisa kichwa: yit hei. Simu ikanitafsiria: hewa ya joto. Wenyeji wa hapa husema vyakula vya kukaanga hupandisha joto mwilini, koo likawasha, chunusi zikatoka. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Bibi yangu kule Pangani naye alikuwa na orodha yake ya vyakula vya moto na vyakula vya baridi; wangekutana hawa wawili wangeelewana bila simu.

“Mui,” akaniambia, yaani mdogo wa kike, akaonyesha juu kwa kidole.

Chakula chenyewe ni uji wa mchele. Kikantoni huitwa juk, Kimandarini zhou, na kwa msemaji wa Kimandarini neno hilo husikika sawasawa na zhou iliyo mwishoni mwa jina Guangzhou, ingawa huandikwa kwa herufi nyingine na ile ya mji ina maana ya jimbo. Nilipoligundua hilo nilifurahi kama mtoto. Nimekuja mara ngapi kwenye mji huu bila kujua kwamba jina lake, ukilisikia kwa sikio la njaa, linaishia kwenye uji?

Kazi huanza usiku. Po-po hupima mchele kwa kikombe kidogo cha chai na huchanganya aina mbili. Sehemu mbili ni simiao, mchele mrefu mwembamba unaosifika Zengcheng, wilaya iliyo mashariki ya jiji hilihili. Sehemu moja ni mchele mfupi wa mviringo unaotoka kaskazini mashariki ya nchi. Mrefu hutoa harufu, mfupi hutoa utelezi. Vyote pamoja ni gramu 150 hivi, na hizo hutosha watu wanne. Uji wa huku ni maji kuliko mchele. Mchele huumwaga kwenye sinia jeupe, akautandaza kwa kiganja na kuuangalia. Nilimwambia mchele wa dukani hauna mawe. Akaendelea kuangalia. Siku ya tatu ndipo nikaona anachotoa: punje zilizogeuka njano, tatu au nne tu, ambazo huacha harufu ya ghala kwenye sufuria nzima.

Anaosha mara mbili. Hafikichi. Anazungusha vidole polepole kama anayetafuta pete iliyozama, anamwaga maji ya maziwa, anaongeza mengine, anazungusha tena, basi. Mara ya tatu hapana, kwa sababu ule weupe unaokwenda na maji ndio huohuo atakaoutaka asubuhi. Kisha mchele unakaa kwenye chujio mpaka uache kudondosha. Hapo anatia chumvi nusu kijiko cha chai na mafuta ya karanga kijiko kimoja, akaupaka kwa ncha za vidole, taratibu, hadi kila punje ing'ae peke yake. Anarashia maji kidogo, anafunika kwa sahani, anazima taa.

Alfajiri mchele umekuwa kitu kingine. Jana ulikuwa kama kioo chenye ukungu. Leo ni mweupe kama chaki, na punje ukiibana kati ya kidole gumba na cha shahada inasagika bila kelele. Punje iliyokwisha kunywa namna hiyo ikikutana na maji ya moto hupasuka mapema na kuachia wanga wake. Mafuta nayo hupunguza povu, lile linalopanda ghafla na kuzima jiko ukigeuka tu kidogo.

Maji ni lita 1.8, mara kumi na mbili ya uzito wa mchele, na huchemshwa yenyewe kwanza. Hayaguswi mpaka yapige mapovu makubwa. Kijiko cha kauri hutangulia, kimelazwa kifudifudi, ndipo mchele unamiminwa kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukikoroga, ili usipate nafasi ya kutua. Nilipojaribu chumbani kwangu mara ya kwanza nilianza na maji baridi kama ninavyoanza uji wa unga. Mchele ukazama wote, ukalala, ukashika chini. Ukoko wa wali tunaugombania nyumbani, lakini ukoko wa uji hauna mteja. Nikaona umekuwa mzito, nikaongeza kikombe cha maji ya bomba, ukakatika: juu maji, chini mchele, na hakuna mwiko wa kuwapatanisha tena. Po-po alipoonyeshwa hakucheka. Aliinamisha sufuria, akatazama maji yanavyokimbilia pembeni, akasema neno moja ambalo simu ililitafsiri “wageni”. Mpaka leo sijui kama alikuwa anasema habari za maji na mchele au habari zangu.

Mchele ukishaingia, moto hushushwa ukawa wa wastani, mfuniko ukaegeshwa juu ya kijiti kimoja cha kulia kilicholazwa kukatiza mdomo wa sufuria, ili mvuke upate njia. Kisha Po-po anatoka jikoni. Hili lilinishangaza kuliko yote. Anakwenda kibarazani kumwagilia vitunguu alivyopanda kwenye ndoo ya rangi, anakunja nguo za jana, anampigia simu dada yake. Saa ya ukutani iko, haitazami. Anasikiliza.

Maji yakiwa mepesi, kijiko hurushwarushwa na kugonga chini kikavu na haraka, ndiyo ile ko-ko-ko iliyokuwa ikiniamsha. Kwa kucheza kwake kinauchokonoa mchele usitulie mahali pamoja. Baada ya dakika ishirini hivi wanga umeanza kutoka, maji yamekuwa na mwili, na kijiko kinapanda kwa uzito na kushuka kwa uzito. Sauti inakuwa ko, ko, ko, yenye nafasi katikati. Hapo hurudi jikoni, hufunua, huchota kidogo. Punje zimepasuka ncha zote mbili na kujikunja nje. Wenyeji husema mchele umechanua, na kweli ukiutazama kwa karibu, vile vipande vyeupe vinafanana na maua ya mpilipili. Mpishi mwenye haraka angeishia hapo. Po-po hufunika tena na kurudi kwenye nguo zake.

Yuan Mei, mshairi wa karne ya kumi na nane ambaye kitabu chake cha mapishi kilitoka mwaka 1792, alikuwa na msimamo mkali juu ya jambo hili: kwake, uji ambao jicho bado linaweza kutenga maji na mchele haukustahili jina la uji. Po-po hajawahi kumtaja. Lakini kila asubuhi humaliza kwa namna ambayo ingemridhisha mzee yule.

Sauti ikishazibika kabisa, kijiko hakigongi tena, kinasukumwa tu. Dakika kama arobaini na tano zimepita. Sasa mfuniko unaondolewa na Po-po anashika upawa wa mpini mrefu. Anasimama miguu imeachana kidogo, mkono wa kushoto kiunoni, na kuanza kukoroga upande mmoja, upawa ukikwangua chini kila unapopita. Dakika kumi habadilishi mkono wala mwendo. Nimejaribu kumpokea, dakika ya nne bega langu liliwaka moto, na bila kujijua nikawa nakoroga juujuu. Alinigusa kiwiko, akakisukuma chini. Mapovu yanayopanda sasa ni mazito, yanatokeza mojamoja, yanapasuka pu, na kuacha kovu ambalo halizibi mara moja. Anainua upawa na kuuinamisha. Uji unaanguka kwa mkanda mpana usiokatika, unakunjika juu ya uso wa sufuria, unakawia, unazama. Anakitoa kijiko kwa vijiti, anakiosha, anakianika dirishani mahali pake.

Nilikishika kijiko hicho siku moja. Kingo zake zimelika kwa kugonga, rangi ya samawati upande wa chini imefutika. Nikakumbuka makaburi ya nguzo ya Kunduchi, kule Dar es Salaam, yenye bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye nguzo karne kadhaa zilizopita. Sisi kauri tuliipandisha makaburini ili tuitazame. Huku ipo sufuriani inafanya kazi.

Uji mweupe ungeweza kuliwa hivyohivyo, na mgonjwa au mtoto anayeanza kula hupewa huohuo. Kwa mtu mzima una kasoro moja ambayo lazima niiseme: mchele mweupe uliopikwa muda mrefu hugeuka sukari upesi mwilini, na mwenye kisukari akinywa bakuli tupu ataiona athari yake kwenye kipimo. Ndiyo sababu nauhesabu kuwa kifungua kinywa cha afya kwa kile kinachofuata, si kwa uji peke yake.

Kinachofuata ni samaki. Ni waan, samaki mkubwa wa mabwawa anayekula majani, anayekaa hai kwenye matangi ya soko. Po-po hununua kipande cha mgongo, nyama iliyo karibu na uti, akakiweka ubaoni ngozi chini. Kisu chake ni kile kipana cha Kichina, kizito mgongoni na chembamba mdomoni kama karatasi. Samaki huyu ana vijiba vingi vyenye matawi ndani ya nyama, na huwezi kuvitoa. Unachoweza ni kuvikata vidogo hadi visidhuru. Kwa hiyo hukata kwa mshazari kukatiza nyama. Mkato wa kwanza unasimama juu ya ngozi bila kuifikia chini. Wa pili, milimita mbili pembeni yake, unapita. Kipande kinafunguka kama kitabu cha kurasa mbili. Nilihesabu ishirini na sita, nikavilaza kimoja juu ya kingine, na sikuona kilichokuwa kinene kuliko mwenzake. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinarudi nyuma kwa vituo sawa, kucha zimekunjwa ndani, naye alikuwa ananiuliza bei ya mapazia.

Tangawizi iliyokatwa nyuzi nyembamba, chumvi chembe, mafuta ya karanga matone machache, pilipili manga nyeupe. Vinachanganywa na samaki kwa mkono mwepesi. Kisha anachota uji wa mtu mmoja kwenye kisufuria kidogo, anauchemsha kwa moto mkali, anatandaza vipande juu na kuvizamisha. Wapo wengi mjini hapa wanaopenda samaki amwagiwe tu uji wa moto bakulini, abaki karibu mbichi. Po-po hakubali. Samaki wa maji baridi wa Guangdong ana sifa mbaya ya minyoo ya ini, na kipande chenyewe ndicho humwambia muda: kinapojikunja na kuwa cheupe hadi katikati, anahesabu hadi kumi tena, anazima. Majani ya saladi yaliyokatwakatwa yanaingia wakati moto umekwisha kuzimwa, yananywea kwa joto lililobaki. Juu majani ya kitunguu ya kwenye ile ndoo ya kibarazani.

Wa ghorofa ya tano huwekewa nyama ya nguruwe na yai jeusi lililohifadhiwa. Kisufuria changu ni kingine, chenye mpini uliofungwa uzi mwekundu, na hakijawahi kuchanganywa. Sikumwomba. Mtaa huu umejaa migahawa ya Wahui wanaovuta tambi kwa mikono, na msikiti wa kale wa Huaisheng hauko mbali. Po-po ameishi na Waislamu maisha yake yote na anajua nani anakula nini kuliko mimi ninavyojua majina ya majirani zangu wa Kariakoo.

Jumapili hakuna uji. Jumapili ni cheung fun, utando wa unga wa mchele unaoiva kwa mvuke, na hapo jikoni pana kelele. Unga wa mchele gramu 100, wanga wa mahindi vijiko viwili, maji karibu mara mbili na nusu ya uzito wa unga, chumvi. Mchanganyiko huo ni mwepesi kuliko unga wa vibibi, mwepesi kiasi kwamba ukiusahau dakika moja unga wote umezama chini, hivyo kabla ya kila upawa lazima ukoroge. Ana kisanduku cha bati chenye droo mbili, maji yakichemka chini yake. Anapaka droo mafuta, anamimina, anainamisha huku na huku hadi uwe utando, anavunjia yai moja na kulikwaruza kwa uma lisambae, anasukuma ndani. Hapo tena hakuna saa. Utando ukivimba mapovu makubwa kama shuka lililoingiwa na upepo, umeiva. Inachukua kama dakika mbili. Anavuta droo, anatumbukiza kikwangulio cha plastiki chini ya ukingo mmoja na kusukuma kwa msukumo mmoja mrefu, na utando unajikusanya wenyewe, mkunjo juu ya mkunjo, unang'aa, unaonyesha yai kwa ndani kama taa nyuma ya pazia. Mimi nikisukuma unachanika. Nauza mapazia, najua kitambaa kinavyokunjika, na bado unachanika. Sosi ya soya iliyopunguzwa makali kwa maji na sukari kidogo, mwisho.

Wenye vibanda mjini husaga mchele uliolowekwa badala ya kutumia unga, na ni kweli zao ni tamu zaidi. Po-po mwenyewe anakiri. Lakini foleni yao ni ndefu, naye hapendi foleni.

Mwezi wa tatu huku ukuta hutoka jasho. Hewa ya kusini huingia na unyevu, sakafu inateleza, shuka linakuwa baridi kama majani ya mgomba. Asubuhi moja ya namna hiyo nililala kupita kiasi, mizigo ilikuwa imekwama ghalani na sikuwa na pa kwenda. Ko-ko-ko ilikuwa imekwisha. Nilisikia ile ya pili, ya taratibu, ikishuka kwenye uwazi, nikajua mchele umechanua na kwamba nina muda wa kuoga. Nilipotoka bafuni sauti ilikuwa imezibika. Nikavaa, nikachukua bakuli, nikafunga mlango. Ghorofa ya tatu nilikutana na mzee wa ghorofa ya tano anashuka na bakuli lake, amevaa ndala, naye amesimama ngazini ameinamisha kichwa. Alinyoosha kidole kimoja juu: bado. Tukakaa ngazini wote wawili, tukisikiliza upawa unavyokwangua.